Stakabadhi Mbili

Mali ina tabia moja ya ajabu: mtu huijua sana ikiwa mkononi mwake, na huisahau upesi ikishatoka. Shilingi iliyoanguka sokoni hutafutwa kwa taa. Shilingi iliyotozwa kodi haisindikizwi hata kwa jicho. Mwenye kutoa hunung'unika siku anayotoa, kisha hulala. Mwenye kupokea hufurahi siku anayopokea, kisha hutumia. Kati ya manung'uniko ya huyu na furaha ya yule lipo jambo kubwa ambalo aghalabu halisemwi, nalo ni haki. Nataka kulisema jambo hilo hapa, walakini siwezi kulisema kama hakimu aliyeketi juu ya kiti chake, kwa maana mimi mwenyewe ni mmoja wa washtakiwa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kununua mabati mjini Tanga ili kuezeka upya nyumba ya mama yangu, ambayo makuti yake yalikuwa yamechoka. Muuza duka alihesabu akataja bei. Kisha akainama, akaniuliza kwa sauti ya upole ya mtu anayemfanyia mwenziwe hisani, "Mwalimu, nikuandikie risiti au nikupunguzie?" Sikuhitaji kufasiriwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa asilimia 18, na ile mashine ya stakabadhi, ambayo wafanyabiashara wa nchi yetu walianza kutakiwa kuitumia mwaka 2010, ilikuwa mezani mbele yetu imefunikwa kitambaa. Sheria humtaka muuzaji atoe stakabadhi, na humtaka mnunuzi aidai. Nilijua yote hayo. Nikasema, "Nipunguzie." Tukapeana mikono, tukaagana kwa heri. Mimi nilijiona hodari, yeye alijiona mwema, na mabati yakapakiwa.

Haikupita miezi mitatu mama yangu akashikwa na homa kali. Tulimpeleka katika kituo kimoja cha afya ambacho sina haja ya kukitaja. Tulingoja sana. Tulipoonana na mganga tuliandikiwa dawa, na kwenye dirisha la dawa tukaambiwa zimekwisha, tukanunue nje. Nilirudi kwenye benchi nikiwa na hasira, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kuwa Serikali inakula kodi zetu bure. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu, kofia yake mapajani, alinisikiliza mpaka nikachoka. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, na wewe hulipa?" Nikamjibu, "Nalipa kila mwezi, mzee wangu. Hukatwa katika mshahara kabla sijauona." Akatikisa kichwa akaridhika. Lakini mimi sikuridhika, kwa sababu nilikuwa nimesema nusu ya kweli. Kodi niliyoilipa ilikuwa ile nisiyoweza kuikwepa. Ile iliyoachwa katika hiari yangu nilikuwa nimeigeuza mabati.

Tangu siku hiyo yamekaa nami maswali matatu. Je, mtu anayeficha kodi ameiba? Kama ameiba, ameiba mali ya nani? Na kama mpokeaji wa kodi hiyo ni mbadhirifu, uzito wa wizi huo hupungua?

Watu wa pwani yetu wanayo majibu yao, nayo si magumu kuyasikia. Mwizi wa kuku hufukuzwa kwa mayowe, na jina lake huharibika hata kwa wajukuu. Lakini mtu anayeshusha sukari au mafuta ya kupikia usiku, kwa mashua iliyozima taa, haitwi mwizi. Huitwa mtafutaji. Kutoka Jasini kwenye mpaka wa Kenya hadi Mkwaja upande wa kusini wa Pangani, ufuko una vijito na mikoko ya kuficha vyombo vingi kuliko askari wanavyoweza kuvihesabu. Mahali kama hapo tunapaita bandari bubu. Jina hilo lina hekima kuliko walivyokusudia waliolitunga. Bandari hiyo ni bubu kwa kuwa hapo hakuna anayeuliza wala anayejibu. Mzigo hushuka, fedha hubadili mikono, na kunapokucha mchanga hausemi neno. Msomaji aliweke akilini jina hilo, maana nitalirudia.

Desturi hii ya moyo haikuota yenyewe kama ukoka. Katika karne ya 19 ushuru wa forodha katika bandari za Mrima, Tanga na Pangani zikiwamo, ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja. Lakini Sultani hakuukusanya mwenyewe, aliukodisha. Kwa miaka mingi nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilimlipa kiasi cha fedha kilichopatanwa, kisha ikakusanya ushuru bandarini, na ziada ikawa faida yake. Fikiri maana ya mpango huo kwa mwenye jahazi. Alichotoa hakikuwa mchango wa kujenga gati wala wa kuchimba kisima. Kilikuwa bidhaa katika biashara ya mtu mwingine, naye hakuwa na mahali pa kuuliza.

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za pwani hiyo. Mwezi wa Agosti watumishi wa Kampuni walifika kuzishika bandari, na Pangani ikawaka moto. Wengi hukumbuka vita vya Abushiri bin Salim kuwa vita vya bendera, na kweli bendera ilikuwamo. Lakini chini ya bendera palikuwa na sanduku la forodha. Mapato ya bandari yalikuwa yamehama kutoka mkono mmoja usiowauliza watu kwenda mkono mwingine usiowauliza wala usiowajua. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na Hemedi bin Abdallah al-Buhry, mshairi wa Tanga, akatuachia utenzi wa vita hivyo. Kampuni nayo, iliyokuwa imeshindwa kutawala, ikaipisha Serikali ya Ujerumani.

Serikali hiyo ilitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na kodi ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na mtu asiye na fedha aliweza kulipa kwa jasho lake. Watawala hawakuficha sana kusudi lao. Hazina ilitaka fedha, lakini mashamba makubwa yalitaka mikono. Katani iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893 haikuweza kujikata yenyewe. Mtu aliyekuwa na muhogo wake, kisima chake na wavu wake hakuwa na haja ya kwenda kumkatia mtu mwingine katani. Hapana budi atiwe haja. Kodi ikawa fimbo ya kuswagia watu. Yatupasa kulikumbuka hilo kila tunapowalaumu babu zetu kwa kumkimbia akida. Hawakukimbia wajibu, maana wajibu hawakuonyeshwa, walikimbia fimbo.

Waingereza walipokuja walileta kodi yao ya kichwa na ya nyumba, wakaunda na hazina za wenyeji zilizosimamiwa na machifu. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi naliona kuwa somo kubwa la fedha za umma katika upande wetu wa nchi. Wakati huo Upare ulikuwa katika Jimbo la Tanga. Wenye mamlaka waliamua kuwa kila mtu akadiriwe kulingana na mali yake, wakaipa kodi hiyo jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la kale la ada aliyopewa mtawala. Kwa mawazo ya kitabuni mpango huo ulikuwa wa haki: mwenye kingi atoe zaidi, mwenye kidogo atoe kidogo. Lakini nani aliyekadiria? Alihesabu nini? Mtu angemlalamikia nani? Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume walitoka milimani wakateremka hadi Same, penye ofisi ya wilaya, wakakaa huko. Ugomvi huo uliendelea kati ya miaka 1944 na 1947, wanawake nao wakauingia, na mwishowe mbiru ikaondolewa.

Mambo mawili katika habari hiyo hunifikirisha. La kwanza ni kwamba Wapare hawakuikataa kodi yote. Walikataa kukadiriwa gizani. La pili ni kwamba walikataa mchana. Hawakuficha ng'ombe wao tu na kunyamaza. Waliacha mashamba yao, wakalala nje, wakasema mbele ya uso wa mtawala kuwa hatutoi, na sababu ni hii. Nitalirudia jambo hili la pili baadaye, maana linanihukumu.

Sasa tuulize: ni kitu gani kinachotenga kodi na unyang'anyi? Mkono wa mtoza kodi na mkono wa mnyang'anyi hufanana kwa mbali; wote wawili huchukua, na wote wawili wana nguvu nyuma yao. Tukisema kuwa kodi huchukuliwa kwa sheria, tumesema kweli lakini hatujamaliza, kwa sababu hata ile kodi ya rupia 3 ilikuwa na sheria yake.

Jibu langu sikulipata kitabuni. Nililipata mahali wavuvi wanaposhusha samaki, kwa maana pwani hiyohiyo inayomstahi mfanya magendo inayo desturi nyingine iliyo kinyume kabisa na magendo. Nenda asubuhi katika soko la samaki la Deep Sea, Tanga. Chombo kikifika, samaki hupigwa mnada mbele ya watu. Kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu. Kinachobaki hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Aghalabu fungu la chombo ni kubwa kuliko fungu la mtu mmoja. Ajabu ni kwamba baharia aliyekesha akivuta nyavu, huku mwenye chombo amelala kwake, hamwiti mwenye chombo mwizi.

Kwa nini? Kwanza, kipimo cha mgawo kilijulikana kabla ya kutweka tanga. Pili, fungu la chombo ndilo linalokalafati chombo, na chombo ndicho kitakachombeba baharia huyohuyo kesho. Tatu, mgawo hufanywa mchana mahali pa wazi, na aliye mdogo kuliko wote katika chombo anaweza kuhesabu kwa macho yake. Zikiondoka sababu hizo, fungu la chombo hugeuka kuwa dhuluma. Mwenye chombo akichukua fungu lake miezi na miezi bila kukalafati, mabaharia hawahitaji kuletewa barua. Maji ya ngama huwapa habari.

Basi kodi ya haki ni fungu la chombo tunachopanda wote. Ina masharti matatu: kipimo kijulikane kabla, fungu lirudi katika chombo, na mgawo ufanywe mbele ya macho. Tena iko tofauti moja inayozidisha uzito wa masharti hayo. Baharia asiyeridhika anaweza kuhamia chombo kingine. Raia hawezi kwa wepesi kuihama nchi yake. Kwa hiyo yule anayemtoza mtu asiyeweza kuondoka ana deni kubwa zaidi la kumweleza kuliko yule anayegawana na mtu aliye huru kuondoka.

Sheria zetu, tukizisoma, zinakubali jambo hilo. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 138, inakataza kodi yoyote kutozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 135 inaweka mfuko mkuu mmoja wa mapato ya Serikali. Ibara ya 143 inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake hupelekwa kwa Rais kisha huwekwa mbele ya Bunge. Hayo ndiyo masharti ya wavuvi yaliyoandikwa kwa wino: kipimo kabla, mahali pa kutunzia, na jicho la kuhesabu. Yule mwenye jahazi wa karne ya 19 hakuwa na hata moja.

Mwenzangu mmoja katika kazi ya ualimu, niliyemweleza mawazo haya, alinikatiza. "Wewe wasema maandishi," aliniambia. "Mimi nasema matendo. Mwaka 2008 nchi iliambiwa kuwa ukaguzi umegundua zaidi ya shilingi bilioni 133 zilizolipwa isivyo halali kwa makampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu. Ukisha kusikia habari kama hiyo, wataka nimlazimishe muuza duka aniandikie stakabadhi ili fedha yangu ikaungane na zile?"

Swali hilo ni zito, na mtu asiyelionea uzito hajawahi kulipa kitu. Nililifikiri kwa siku nyingi, na nina majibu matatu.

La kwanza ni hili. Panya wa ghalani hapungukiwi na mavuno machache. Yeye hula kwanza. Anayelala njaa ni yule anayengoja kugawiwa mwisho. Mapato ya umma yanapopungua, mbadhirifu hapunguzi ubadhirifu wake. Hupunguzwa dawa za dirishani, madawati ya shule na kifusi cha barabara ya kijijini. Fedha niliyoiacha mfukoni mwangu siku ile ya mabati haikumpata hata mbadhirifu mmoja. Yamkini ilimpata mtu aliyekaa benchi moja nami.

La pili linatoka Upare. Waliokwenda Same walipoteza siku zao, walilala nje, walijitia katika hatari ya kufungwa. Mimi nilipoikataa kodi nilipata mabati kwa bei nafuu. Upinzani usiomgharimu mpinzani kitu, bali humfaidisha, una shaka ndani yake. Kama kweli nilikuwa nikipinga ubadhirifu, mbona sikuipeleka ile fedha kununulia wagonjwa dawa? Mbona sikumwambia mtu yeyote kuwa nimegoma? Niligoma kimya, usiku wa moyo wangu, katika bandari bubu ya duka moja mjini, na ngoma ya ushindi niliipiga tumboni.

La tatu ni kwamba mtu anayeficha hujinyima ulimi. Siku yule mzee aliponiuliza kama nalipa, sauti yangu yote ya hasira iliondoka. Anayedai hesabu ya mali asiyoichangia huona haya, au hupaswa kuona. Na nchi ya watu walioona haya ni starehe ya mbadhirifu, kwa sababu kila mmoja ana jambo lake dogo la kuficha, na kwa hiyo hakuna anayeinua mkono katika mkutano.

Kwa hiyo najibu maswali yangu. Ndiyo, mtu anayeficha kodi iliyotungwa kwa haki ameiba. Aliyemwibia si waziri wala mkusanyaji. Ni jirani anayemtangulia au anayemfuata katika foleni. Na ubadhirifu wa mpokeaji hauupunguzi wizi huo. Huongeza mwizi wa pili.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeandika hotuba ya mtoza ushuru, na haki itakuwa imesimama kwa mguu mmoja. Upo wajibu mwingine, nao ni mzito zaidi, kwa kuwa umewekwa juu ya mwenye nguvu zaidi. Serikali inayopenda kulipwa haina budi kutazama ni nani inayemtoza, kwa njia gani, na inamwambia nini baada ya kumtoza.

Watu wa umri wangu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima alidaiwa na halmashauri, maskini na tajiri. Mgambo walisimama njiani wakiuliza karatasi, na wako watu waliolala porini kuwakimbia. Iliitwa ya maendeleo, walakini mkulima aliyekimbia nayo porini hakuonyeshwa maendeleo yaliyofanywa na ile ya mwaka uliotangulia. Iliondolewa mwaka 2003. Mwezi wa Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, na mtu aliyemtumia mama yake fedha ya chumvi akakatwa njiani. Watu walilalamika, na kabla ya mwaka kwisha ikapunguzwa kwa asilimia 30. Katika habari hii ya pili lipo jambo la kusifiwa. Serikali ilisikia, tena ilijitahidi kutaja vituo vya afya na madarasa yaliyojengwa kwa fedha hiyo. Lakini tujiulize kwa nini maelezo yalikuja kwa wingi baada ya malalamiko. Kama kipimo na kusudi vingalijulikana na kujadiliwa kijijini kabla, kama kabla ya kutweka tanga, huenda uchungu ungalikuwa mdogo hata kama fedha ni ileile.

Tena tusidanganyike kuwa maskini halipi. Ananunua sabuni, ananunua bia au soda, anapanda basi lililojazwa mafuta yenye ushuru. Hana hati ya mshahara ya kuonyesha alichokatwa, kwa hiyo hujiona kuwa mtu wa kusaidiwa bure, naye mhudumu humtazama hivyo. Yule mzee wa benchi aliniuliza kama mimi nalipa; hakujua kuwa yeye mwenyewe amelipa maisha yake yote, fungu dogo dogo. Kumficha mtu kuwa amelipa ni njia mojawapo ya kumnyima haki ya kuuliza.

Mfano mmoja wa siku hizi, nao ni wa mjini kwetu, ulinifungua macho kuliko yote. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ili kupata shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma ya maji. Mwenye fedha alialikwa akopeshe kwa hiari. Aliambiwa fedha zitafanya nini, zitarudishwa baada ya miaka 10, na kwa faida ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Watu na mashirika walijitokeza, na kiasi kilichotakiwa kikapatikana na kuzidi. Nilifurahi kuona mji wetu unatangulia katika jambo hilo. Walakini furaha yangu ilizaa swali. Aliyekopesha kwa hiari, ambaye angeweza kukataa, amepewa hati yenye kiasi, kusudi na tarehe. Aliyetozwa kwa lazima, ambaye hawezi kukataa, amepewa nini? Je, ni haki kwamba mkopeshaji aelezwe kuliko mlipaji? Na mtoto anayecheza leo karibu na bomba la Ngamiani, ambaye atakuwa mmoja wa wanaolirudisha deni hilo kwa bei ya maji yake, nani atamsomea hati?

Silaumu mkopo. Dawa ya deni ni kulipa, na maji ni jambo jema la kukopea. Nasema kwamba tumekwisha kuonyesha kuwa tunaweza kueleza. Tunapotaka mtu atuamini kwa hiari yake, tunajua kuandika kila kitu kwa usafi. Basi kutokueleza mahali pengine si kwa kukosa elimu. Ni kwa kukosa kuogopa kuwa mtu atakataa.

Yupo atakayesema kuwa hesabu zinakaguliwa kila mwaka, na halmashauri nyingi hupata hati inayoridhisha. Ni kweli, tena ni jema. Lakini hati hiyo husema kuwa daftari limeeleza sawasawa kilichotumika. Haisemi kuwa kilichotumika kilistahili kutumika. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi mwaka 1944. Nafikiri hakuwako mwandishi bora kuliko yeye wa kuandika ushuru wa mzigo. Lakini karani mwaminifu kuliko wote hana uwezo wa kuifanya kodi ya kikoloni kuwa ya haki. Aliweza tu kuiandika vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo daftari peke yake halitoshi. Hapana budi lifunguliwe mbele ya mwenye mali, kwa lugha anayoijua, naye aruhusiwe kusema, "Hapa sikubali."

Kwa hiyo stakabadhi ni mbili. Ya kwanza muuzaji humpa mnunuzi, na mnunuzi huidai. Ya pili Serikali humpa raia, na raia huidai vilevile. Ya pili si karatasi ya mashine. Ni ubao katika mlango wa zahanati unaosema fedha kiasi gani zilikuja, zilinunua nini, na dawa gani zimekwisha tangu lini. Ni mapato na matumizi yanayosomwa katika mkutano wa kijiji na wa mtaa, desturi ambayo tunayo tayari katika taratibu zetu, lakini tunaiacha ikauke. Nani anaiacha? Mwenyekiti asiyeitisha mkutano, bila shaka. Na mwalimu wa chuo ambaye mkutano ukiitishwa husema ana kazi nyingi. Stakabadhi isiyodaiwa haiandikwi. Hiyo ni kweli dukani, na ni kweli barazani.

Mkononi mwa Serikali, hazina isiyotoa hesabu ni bandari bubu kubwa kuliko zote za ufuko wetu. Mkononi mwangu, duka lisiloandika stakabadhi ni bandari bubu ndogo. Ububu wa kubwa hulisha ububu wa ndogo, na wa ndogo huitetea kubwa. Kati ya hizo mbili mtu aanze wapi? Mwenye nguvu na aanze, ndiyo haki. Lakini mimi sina mamlaka juu ya mwenye nguvu ila kwa ulimi, na ulimi wangu niliuuza kwa bei ya mabati. Imenibidi kuukomboa kwanza.

Mabati hayo yako mpaka leo juu ya nyumba ya mama yangu, ambaye alipona, namshukuru Mungu. Kila masika ninapolala kwake, mvua kubwa ya pwani huyapiga usiku kucha. Yeye husema yana kelele kuliko makuti. Mimi humjibu, "Ndiyo, mama," wala sijamweleza bado kwa nini mwanawe halali.